Buku la vocha na simu ya 114

Ukinunua vocha ya buku pale Mwanjelwa, Mbeya, Serikali imeshachukua chake kabla ujumbe wa salio haujaingia. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu tuuhesabu kwa asilimia 17, na juu yake inakaa VAT ya asilimia 18. Shika kikokotoo: gawa 1,000 kwa 1.18, jibu ligawe kwa 1.17, unabaki na shilingi 724 na ushee. Hiyo ndiyo huduma uliyonunua. Shilingi 276 zilizobaki ni kodi. Hakuna anayegombana na wakala kuhusu hizo 276, kwa sababu hakuna anayeziona. Hata wakala mwenyewe, chini ya mwavuli wake na kibao cha namba, hajioni kuwa ni sehemu ya mnyororo wa kukusanya kodi.

Naanza na hesabu hii kwa sababu ya wazo ambalo nalisikia sana huku Nyanda za Juu Kusini kila ajali kubwa inapotokea barabara ya TANZAM. Watu wakishazika, mazungumzo ya vijiweni hufika palepale: simu tunazo karibu sote, kwa nini kila laini isichangie kidogo ili 114, namba ya zimamoto na uokoaji, ikipigwa gari lije kweli, na majeruhi wasipakiwe kwenye keria za Noah na migongo ya pickup? Ni wazo la watu wenye akili timamu na uchungu wa kweli. Mimi naliunga mkono, ila si kwa namna linavyosemwa. Huduma ya dharura inastahili fedha yake maalumu, na fedha hiyo isiongezwe hata senti juu ya vocha. Imegwe kutoka kwenye zile 276 tunazolipa tayari.

Wenzetu Marekani walilianza jambo hili mapema. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa kwenye mji mdogo wa Haleyville, jimbo la Alabama, Februari 16, 1968. Miaka iliyofuata, gharama za vituo vya kupokelea simu zikawa zinachangiwa na wenye simu: kwenye bili ya mwisho wa mwezi kunakuwa na mstari mmoja wa ada ya dharura. Mambo yakaenda hivyo mpaka zilipokuja simu za kulipia kabla. Hizo hazina bili, kwa hiyo mstari wa ada haukuwa na pa kukaa. Mtu ananunua kadi dukani, anatumia, kadi inakwisha, anatafuta nyingine. Majimbo yakahangaika na makampuni kwa miaka, hadi mengi yakaona njia rahisi ni kukata ada palepale kwenye kaunta ya duka. Texas, kwa mfano, inakata asilimia 2 ya bei tangu Juni 2010.

Sisi tumeanzia pale walipofikia. Mtanzania wa bili ya mwezi ni wa kutafuta kwa tochi: mabosi wachache, ofisi kadhaa, basi. Sisi wengine wote tunalipia kabla, kwa vocha ya jero, kwa bando la saa 24, kwa salio la kukopa ambalo linalipwa siku pesa ikiingia. Na ushuru wetu haukatwi kwenye kaunta. Kampuni inaukata yenyewe na kuuwasilisha TRA. Kwa hiyo swali lililowasumbua wabunge wa majimbo ya Marekani, la namna ya kumfikia mtu asiye na bili, kwetu lilishajibiwa zamani. Kukusanya tunaweza sana. Pengine tumekuwa hodari kupita kiasi.

Wenye kumbukumbu fupi niwakumbushe. Mwaka 2013 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini. Kelele zilikuwa kubwa, Rais Kikwete akaagiza wahusika wakae watafute njia nyingine, na kabla ya mwaka kuisha Bunge likaifuta. Mbadala wake ukawa kupandisha ushuru wa bidhaa kwenye simu kutoka asilimia 14.5 hadi 17. Kodi iliyoonekana ikaondoka, isiyoonekana ikanenepa. Kisha Juni 2021, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, akasoma bajeti yenye tozo mbili kwa mpigo: shilingi 10 hadi 200 kwa siku kwa kila laini, kutegemea salio analoongeza mtu, na shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma na kutoa pesa. Ya laini ilitarajiwa kuleta shilingi bilioni 396.3, ya miamala zaidi ya trilioni 1.25. Ya miamala ilipoanza Julai 15, watu walirudi kwenye mtindo wa kukunja noti na kumpa dereva wa basi ampelekee mzee kijijini. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena.

Sehemu ya fedha zile ilijenga vituo vya afya kwenye tarafa na madarasa, na mwenye macho ameviona. Kilichowaudhi watu, nionavyo mimi, ni kwamba tozo ilikuwa kubwa, ilitangazwa ghafla, na ilimkuta mtu kwenye pesa ambayo ilishakatwa kodi mara ya kwanza. Mzazi wa Kilolo anayepokea elfu ishirini kutoka kwa binti yake Dar es Salaam hakuona kituo cha afya kwenye ule ujumbe wa muamala. Aliona elfu ishirini haijafika elfu ishirini.

Kwa hiyo yeyote anayepanga kuja na kitu kinachoitwa tozo ya dharura, akakiweka juu ya vocha, ajue anaokota kaa la moto ambalo bado halijapoa. Na kama atataka kukiweka kwa kiwango kimoja kwa kila vocha, ndiyo ataharibu zaidi. Shilingi 10 kwa kila vocha, tuseme, ni asilimia 2 kwa mama muuza ndizi wa Kiwira anayenunua ya jero, lakini ni sehemu moja ya elfu kwa anayeweka elfu kumi kwa pamoja. Mama huyo hununua jero leo, jero keshokutwa, jero Jumapili akitaka kumsalimia mwanawe. Atalipa mara tatu wakati mwenye gari analipa mara moja.

Sasa tuseme kuhusu huko ambako fedha inatakiwa kwenda. Anayeijua barabara hii kwa kupita na basi la usiku anaijua kwa majina ya sehemu za kuogopa. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, unaanza kupanda Kitonga: mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, malori yamefuatana kama siafu, na likiharibika moja kwenye kona, msafara wote unalala hapo. Juu yake Ilula. Kisha Iringa, Mafinga, misitu ya Sao Hill, Makambako, Igawa, Chimala, Inyala, Uyole, na baada ya jiji la Mbeya ile miteremko ya kuelekea Mbalizi ambayo imeshapotezea malori mengi breki. Machi 11, 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria lililotoka Mbeya. Walikufa watu zaidi ya 40.

Fikiria ajali ya namna ile inataka nini. Inataka winchi ya kunyanyua kontena, misumeno ya kukata bati na mabomba ya viti, watu wanaojua kumtoa mtu mwenye uti wa mgongo uliovunjika bila kummalizia, damu hospitali, na mtu mmoja kwenye simu anayeweza kuita vyote hivyo kwa wakati mmoja. Wanaofika kwanza, kila mara, ni wanakijiji wenye mashoka na madereva wa malori yaliyokuwa nyuma. Wanafanya kazi kubwa, na mara nyingi wanamvuta majeruhi kwa mikono na miguu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha vinginevyo.

Namba tunazo. 112 ni ya polisi, 114 ni ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na zote mbili unapiga bure hata kama salio ni sifuri. Ila kila moja ina mlango wake. Anayepiga akiwa kando ya barabara, mikono inatetemeka, anatakiwa kwanza aamue tatizo lake ni la polisi, la moto au la hospitali, wakati basi lililopinduka ni la wote watatu. Halafu anaulizwa yuko wapi. Huku kwetu jibu huwa ni: ukipita daraja la pili, kabla ya kanisa la Moravian, mkono wa kushoto ukitokea Mbeya. Mwaka 2022 tulihesabiwa nyumba na kubandikiwa namba kwenye ile operesheni ya anwani za makazi. Mitaani imesaidia, lakini korongoni Kitonga hakuna namba ya nyumba. Mnara wa simu ndio unaojua mpigaji yuko upande gani wa mlima. Kumfikishia habari hiyo mpokea simu ni kazi ya mitambo, na mitambo ni fedha.

Na msije mkasema hatuwezi, kwa maana kwenye huduma moja tumeshaweza. Namba 115 ni ya m-mama, mpango ulioanzia Kanda ya Ziwa na ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Dodoma, Aprili 2022. Unavyofanya kazi ni hivi. Mjamzito wa kijijini Mufindi akizidiwa, yeye au ndugu au mhudumu wa afya anapiga 115 bila malipo. Simu inapokelewa kwenye kituo cha uratibu cha mkoa na mtu wa afya, ambaye anauliza maswali kwa mpangilio uliomo kwenye kompyuta yake ili ajue huyu anatosheka na kituo cha jirani au anahitaji hospitali kubwa. Kama gari la wagonjwa lipo karibu, linatumwa. Kama halipo, mfumo unamtafuta dereva jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa na kuelekezwa kazi. Dereva anamfikisha mgonjwa, kituo kinathibitisha amefika, na nauli inaingia kwenye simu yake. Familia haitoi hata mia. Haombwi mtu mafuta ya gari saa tisa usiku.

Mimi nilipoelezwa habari za dereva jamii mara ya kwanza, nilifikiri ni mambo ya semina. Halafu ukikaa ukafikiri unaona ndiyo akili yenyewe ya kijijini: mwenye gari kijijini tangu zamani ndiye gari la wagonjwa la kijiji. Tofauti ni kwamba sasa anajulikana, anapigiwa, na analipwa.

Lakini m-mama ni wa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Baba wa mtoto huyo akigongwa na lori Ipogolo, 115 si yake. Mpango wenyewe pia ulianza kwa nguvu za wafadhili, na nauli za madereva sasa zinategemea halmashauri zikumbuke kutenga fungu, halmashauri zilezile zinazosubiri ushuru wa viazi na mbao. Huduma ya namna hii haiwezi kukaa ikisubiri mavuno. Inahitaji chanzo kinachoingia kila siku, Jumapili na sikukuu. Vocha ndiyo bidhaa pekee ninayoifahamu inayouzwa hivyo mpaka kijiji cha mwisho.

Wafanyabiashara wa Mwanjelwa wanaijua tozo ya dharura kuliko mtu yeyote, hata kama hawaiiti hivyo. Kila mwaka wanatakiwa kulipia ukaguzi wa kinga ya moto. Soko lao liliungua mwaka 2006, na soko la SIDO waliloangukia likateketea nalo, mara mojawapo Agosti 2017. Ukimuuliza mwenye duka la vitenge pale kuhusu tozo ya zimamoto, hatakubishia umuhimu wake. Atakuuliza swali moja: hela ninayolipa hapa Mbeya, inabaki Mbeya?

Hilo ndilo swali gumu, na ndipo simu ya kulipia kabla inapoleta maumivu ya kichwa. Bili ya mwezi ina anwani. Vocha haina. Laini nyingi za vijana wa Rungwe zilisajiliwa Dar es Salaam kwa alama za vidole ule mwaka wa foleni za NIDA, kabla ya kuzimwa kwa zisizosajiliwa Januari 2020. Salio lao wananunua kwa simu yenyewe, usiku, kitandani, na mauzo yanahesabiwa makao makuu ya kampuni, ambayo yote yako pwani. Ukigawa fedha kwa kuangalia vocha imeuzwa wapi, Dar itachukua mnofu na Mafinga itapewa mfupa. Igawanywe kwa kuangalia ajali zinatokea wapi, moto unawaka wapi, na mgonjwa anatembea kilomita ngapi kufika kwenye chumba cha upasuaji. Takwimu hizo polisi na Wizara ya Afya wanazo.

Kuna pia hili la wageni. Nusu ya hofu ya barabara ile ni malori ya kwenda na kutoka Zambia na Kongo kupitia Tunduma. Dereva wa Lubumbashi mwenye laini ya kwao akipinduka Inyala, tutamwokoa, na ni lazima tumwokoe, ila hakuchangia vocha. Yeye anachangia kwenye mafuta. Kwa sababu hiyo sioni kwa nini simu ibebe mzigo wote peke yake. Kila lita ya dizeli inakatwa tozo ya barabara, na barabara ambayo haina namna ya kuokoa waliopinduka juu yake ni barabara nusu.

Nchi hii inajua kufanya tozo yenye anwani. Mfuko wa Barabara una bodi yake na chanzo chake kwenye mafuta, na hata tukilalamika mashimo, tunajua wa kumlalamikia. Umeme wa REA ulifika vijiji ambavyo bila fungu lake maalumu vingekuwa bado na vibatari. Mawasiliano yenyewe yana Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 na unaochangiwa na makampuni. Mei 2023 ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Mnara ukisimama Kilolo, mtu wa Kilolo anaweza kupiga 114. Kilichobaki ni nani ataipokea.

Lakini tunajua pia namna fedha yenye jina inavyopotea njia. Tozo ya ufundi stadi inakatwa kwa waajiri kwa jina la VETA, na VETA inapata theluthi tu, theluthi mbili zinakwenda Hazina. Marekani nako si malaika. Tangu sheria ya mwaka 2008, mamlaka ya mawasiliano ya huko inalazimika kila mwaka kulipelekea bunge ripoti ya majimbo yaliyokusanya ada ya 911 na kuitumia kwa mambo mengine, na New York na New Jersey zimekuwa zikitajwa humo mwaka baada ya mwaka. Angalau wanatajwa. Napenda ripoti hiyo kuliko napenda ada yenyewe.

Pendekezo langu basi ni dogo. Bunge la bajeti lichukue sehemu ya ule ushuru wa bidhaa, hata kama ni shilingi tano tu katika kila buku la vocha, liiwekee uzio kwa sheria. Bei ya vocha isiguswe. Fedha hiyo iunganishe 112, 114 na 115 zipokelewe sehemu moja mkoani, kituo cha m-mama kikiwa ndio msingi kwa sababu kinafanya kazi tayari. Madereva jamii waongezwe kazi ya ajali na walipwe kwa njia ileile. Mafunzo ya huduma ya kwanza yaanze na wanakijiji wa Changarawe, Kitonga na Inyala, kwa maana hao ndio watakaofika kwanza hata tukinunua helikopta. Na Hazina itapiga kelele kwamba shilingi tano zikitoka kwenye kapu kuu, kuna kitu kingine kitapungua. Ni kweli kitapungua. Ndiyo maana ya kuchagua.

Watakaopinga watasema mfuko mwingine ni bodi nyingine, magari mengine ya V8, semina nyingine Arusha. Hoja hiyo ina uzito na sina dawa yake kamili. Ndiyo sababu sitaki bodi mpya. Fedha ipitie kwenye mkoa na halmashauri, kwa fungu lenye namba yake, na hesabu yake isomwe kwenye baraza la madiwani kila robo mwaka mbele ya watu, kama inavyosomwa ya elimu.

Hilo likishindikana mwaka huu, mbunge yeyote wa Iringa au Mbeya bado anaweza kusimama kwenye kipindi cha maswali na kuuliza bila kuhitaji sheria yoyote mpya: mwaka uliopita, simu ngapi zilipigwa 114 kutoka wilaya ya Mufindi, ngapi zilipokelewa, na gari lilifika baada ya dakika ngapi?